Hesabu ya Visubi

Mwaka wa thelathini na mmoja huu
Hallbera anahesabu visubi wa ziwa moja
kaskazini mwa Aislandi, ziwa la kina cha kiuno,
ambalo upepo ukivuma hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Nilikuja kwake na chati.
Visanduku sita, mishale tisa,
na mahali pa kuandika jibu.

Kiangazi kile visubi walipanda kama moshi.
Farasi wa Steinthor walifumba macho malishoni,
nasi tulisema maneno machache, midomo nusu.
Kiangazi kilichofuata, kimya. Mitego mikavu.
Nikauliza: ni baridi? Ni samaki? Ni mwani?
"Ndiyo," akasema, akaendelea kuosha buti zake.

Kidole kimoja hakivunji chawa.
Nilijifunza hilo magotini, nikichuja matope:
funza wa kisubi hufuma kijumba cha hariri,
na juu ya paa lake mwani huota,
na mwani huo ndio chakula chake.
Analima kwa kukaa tu.
Lakini wakizidi, hula shamba, hula paa,
na njaa inaanzia palepale iliposimama shibe.

Steinthor hakusoma chati yangu.
Alivuta wavu, akatoa trauti wanne,
vichwa vikubwa, miili kama kamba za viatu.
Akawaweka mezani, akawatazama kama watu wenye deni.
Bata waliatamia wachache. Mbweha akahamia zizini.

Na wale visubi wa mwaka wa moshi?
Walikufia nchi kavu, mafungu kwa mafungu,
wakaoza mpaka nyasi za ufukoni zikawa nene, nyeusi kwa ukijani.
Kondoo wakazifuata.
Wakati wa Krismasi, mkewe Gudfinna alinipa paja la mwanakondoo,
nikatafuna polepole, nikatema hesabu yangu ya kwanza:
ziwa lilikuwa limepanda kilima kwa miguu minne
likaingia jikoni
na hapakuwa na kisanduku cha jikoni.

Usiku huo nilichukua kifutio.
Visanduku vikatoka kirahisi. Mishale ilikataa,
ikabaki makovu kwenye karatasi.

Leo ni Juni. Hallbera ana chupa arobaini,
mimi nina darubini na mgongo unaouma.
Dume. Jike. Bawa tu.
Kisubi mmoja, mzima, ametua kwenye daftari langu,
juu ya wino mbichi, anatembea kutoka safu hadi safu,
na kila anapopita, mstari unafuata mguu wake.