Kibati Kinacholia

Wiki tatu gari lilipiga mluzi
kutoka kona za Mlima Nyoka mpaka Uyole,
nami nikaongeza sauti ya redio.

Leo Jumamosi. Ukungu umelalia viazi vya jirani.
Nimetandika ubao wa kitanda cha zamani chini ya jeki,
maana tope letu la Aprili humeza chuma.
Jiwe nyuma ya tairi. Jiwe jingine, la woga.
Subilaga, miaka tisa, ndiye taa:
ameshika simu yangu kwa mikono miwili
kama anaombea chakula.

Nati ya tano imegoma.
Napanda juu ya spana,
kilo tisini za mwalimu wa jiografia,
inalia kwaa! inaachia.

Pedi ya ndani inaniangukia kiganjani,
nyembamba kama biskuti iliyolambwa.
"Ulisema ilikuwa nene. Nyingine iko wapi?"
Iko barabarani, mama.
Kidogo tuliiacha usiku ule wa kumshusha bibi yako Rufaa,
kidogo kwa ng'ombe wa Isyonje, waliovuka bila salamu,
kidogo kwa magunia kumi na moja ya viazi,
hiyo ni tamaa yangu.
Iliyobaki ni hili vumbi jeusi. Usilivute.

Namwonyesha kibati, kidogo kama ukucha.
Aliyekiweka hakukipa kazi yoyote
ila kulia, pedi zikikaribia kwisha.
Anakigusa. Anakigusa tena.
"Bibi hakuwa nacho?"

Natafuta jiliwa.
Liko mkononi mwangu.
Naibana pistoni irudi ndani, taratibu,
kama kumbembeleza mtu aliyenuna.

Pedi mpya za duka la Ambokile, Mwanjelwa,
elfu thelathini na tano baada ya kubishana,
bado zinanuka boksi.
Upande wa pili unakwenda haraka, mkono umeshajua.

Nakanyaga breki: inazama mpaka sakafuni,
na moyo wangu nyuma yake.
Ndivyo ilivyo, Ambokile alinionya.
Kanyaga tena. Tena.
Ya sita inagoma chini ya unyayo,
ngumu, kama neno la mtu mzima.

Nalisogeza gari hadi getini. Linasimama nilipotaka.
Nanyoosha mkono nizime redio.
Haikuwa imewashwa.

Nje, Subilaga bado ameinua taa,
mchana kweupe.