Kwa Nini Si Sifuri

Zonguldak, mwisho wa baridi.
Hospitali imetupa chumba cha chini ya ardhi,
sisi wanane tuliotoka machimboni.
Hikmet akasema, "Wameturudisha kazini,"
tukacheka, kicheko kikageuka kikohozi,
kikohozi kikazunguka viti kama sinia,
kila mtu akachukua chake.
Wa tisa ni Ayten. Yeye hakuchimba.
Alikung'uta nguo za mumewe miaka thelathini,
vumbi likahamia kwake bila kulipa kodi.

Nurcihan, binti wa mazoezi, akangoja tumalize.
Ana subira ya mtu apikaye maharage.
Akagawa karatasi. "Andikeni lengo.
Si la daktari. La kwenu."

Ayten: kuosha nywele zangu, nimesimama.
Hikmet: kugombana na shemeji hadi mwisho wa sentensi.
Mimi nikaandika: kupona.
Akaisoma, akanirudishia.
"Hilo si lengo, baba, hiyo ni dua.
Dua kaiombe nyumbani. Hapa andika kitu chenye miguu."

Kitu chenye miguu.
Muzaffer anakaa juu ya mtaa wetu,
vipandio mia moja na kumi na tatu vya zege.
Baridi tatu hatujaonana.
Hashuki, maana kupanda tena hataweza.
Sipandi, maana.
Hupigiana simu. Anakohoa, nakohoa,
ndivyo tunavyoitana majina.
Waliosema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma,
mapafu yao yalikuwa mazima.

Nikaandika: mlango wa Muzaffer.

"Unajiamini kiasi gani? Sifuri hadi kumi."
"Tatu," nikasema, nikatazama viatu vyangu.
Nilidhani atanionea huruma.
Akauliza: "Kwa nini si sifuri?"

Swali hilo nililala nalo wiki nzima.
Moja, kwa sababu mwaka ule dari iliposhuka
nilitambaa gizani, mkono juu ya reli,
nikihesabu nguzo nilizozipita,
zilizobaki sikuzihesabu.
Mbili, kwa sababu nimejifunza kupuliza
kama mtu apozaye chai, midomo imebanwa,
hewa itoke kwa uvivu kuliko ilivyoingia.
Tatu sijui.
Tatu ipo tu, kama paka wa jirani:
sikumwita, hafukuziki.

Jumapili.
Kipandio. Puliza.
Kipandio. Puliza.
Thelathini, mkono ukutani.
Hamsini, mtoto akanipita mbio
na mkate wa ufuta mdomoni,
akanisalimu kwa shavu lililojaa.
Kibanio cha kidole kikasema themanini na saba.
Nikakaa.
Hofu ikaja. Naijua,
huingia kifuani na viatu vyake.
Nikapoza chai isiyokuwepo.
Themanini na tisa.
Nikaipoza tena.
Tisini na moja.
Hofu ikabaki imekaa, mimi nikainuka.

Kwenye kipandio cha sabini na moja
miguu ikagoma kama wachimbaji.
Sikufika. Liandikwe hivyo.

Dirisha likafunguka huko juu.
"Seyfettin! Uko cha ngapi?"
Na mimi, ambaye mwaka jana
niliomba chumvi mezani kwa pumzi tatu,
nikamjibu kwa moja:
"Cha sabini na moja, wewe teremsha kiti hadi cha themanini na bilauri mbili za chai, Jumapili ijayo tugombane hapo!"

Kimya.
Kisha kikohozi kirefu, cha mtu
anayetafuta viatu vyake.

Jumatatu Nurcihan akauliza tena namba.
"Nne na nusu," nikasema.
"Nusu ya nini, baba?"
"Ya kiti."