Kiambatisho cha Tatu

Ombi nambari kumi na saba. Mwombaji: Lali Fankupi.
Mahali: Mtamuini, nyuma ya tanuri la mikate.
Anachoomba: chumba kimoja juu ya sabule,
futi tisa kwa kumi na moja, paa la makuti,
na taa kumi na mbili za nje. Nyeupe.
Mimi ndiye karani. Nimeandika "nyeupe" mara mbili
kwa sababu mwenyekiti aliuliza mara mbili.

Injinia Mwachiro akakunjua ramani mezani,
ikajikunja tena, akaweka juu yake
simu, stempu, na kikombe changu cha chai.
Chumba hakikuwa na shida. Kuta za matumbawe
zimeshabeba zaidi ya hayo; boriti mpya, chokaa,
dirisha lisielekee kwa jirani. Dakika nane.
Tukafika kwenye taa, tukakaa hadi adhuhuri.

Bwana Lali alisema wageni wake huteleza ngazini.
Bi Raya, aliyekuja kwa jambo jingine kabisa,
choo cha madrasa, akainua mkono:
mwanawe alitumbukia mtaroni baada ya Isha,
mguu ukavunjika; tangu hapo
yeye huipenda taa ya mtu yeyote.
Afisa wa hifadhi akasema mji huu una sheria.
Bi Raya akamwuliza kama sheria ina tochi.
Hilo sikuliandika. Mwenyekiti alinitazama.

Kisha nikasoma pingamizi. Moja tu,
karatasi ya daftari la hesabu, miraba yake inaonekana,
kutoka kwa Mwanakhadi Famau, jirani wa upande wa kibla:

    Jirani nakuarifu, mimi si mtu wa vita
    Taa zako ni sufufu, ukutani zimepita
    Kiwanda zakikashifu, sina pa kujifumbata
    Giza ni nguo raufu, nawe umeshaikata

    Sikatai uwe nazo, taa ni jambo la kheri
    Ndiani tuna vikwazo, na mtaro wa hatari
    Ila ziwe na mawazo, zisichungulie siri
    Zivike kofia hizo, yuu pawe na sitiri

Injinia akauliza kama pingamizi linaruhusiwa kuja na vina.
Nikamjibu kanuni inasema "kwa maandishi",
haikusema maandishi ya namna gani.
Bwana Lali alikuwa akihesabu kwa vidole.
Nilidhani anahesabu taa. Alikuwa anahesabu mizani.
"Hakukosea hata moja," akasema,
kama mtu aliyefungwa bao.

Uamuzi: chumba, ndiyo. Taa nne, si kumi na mbili.
Mbili ngazini, mbili kichochoroni,
rangi ya samli, zenye kofia, zizimwe saa nne,
isipokuwa ile ya mtaroni. Hiyo iwake mpaka alfajiri,
na bili yake ilipwe na... hapo tukabishana upya.
Fomu ina kisanduku cha urefu, cha upana, cha wati.
Cha giza hakuna. Nikaliandika pembeni, kwa penseli.

Jioni nilirudi kwangu Gadeni. Mlangoni pangu
pana balbu niliyoitia mwaka juzi, walipoiba kuku.
Sikuomba kibali. Nani huomba kibali cha balbu?
Inaangaza mlango, naam, na ukuta,
na dari ya wikio, na dirisha la juu kwa Shamsa
ambaye hajalalamika hata siku moja,
ambaye ametundika shuka nene dirishani
tangu mwaka juzi,
nami nilidhani ni kwa ajili ya mbu.

Nikapanda kiti na kopo tupu la maziwa ya unga,
mkasi wa bati, waya.
Kofia ikakaa upande. Si kazi ya fundi.
Asubuhi shuka ilikuwa bado pale.
Usiku wa pili, nusu yake ilikuwa imefunguliwa.