Shilingi Tatu kwa Neno

Ukurasa wa kumi na moja, mstari wa nne,
kati ya takwimu za masoko na ahadi za mitaro,
limeketi neno la Kiingereza
kama mgeni asiyesema anaondoka lini:
stagnesheni.

Mteja kaacha ujumbe pembeni kwa wino mwekundu:
Tumia Kiswahili chepesi, wananchi waelewe.

Wananchi. Kwani ni wao wasioelewa?

Nikaandika *kutuama*.
Pua ikanikumbusha mtaro wa Barabara ya Kirinyaga,
maji rangi ya chai iliyosahauliwa mezani,
na viluwiluwi humo vinanenepa, vinaota mabawa.
Nikafuta. Palipotuama maji pana wanaostawi.

Nikaandika *kudumaa*.
Hapo nikamwona Mumbua wa dada yangu, kliniki ya Huruma,
mkanda ukizungushwa kwenye kijimkono chake
ukaishia penye njano,
na nesi, aliyekuwa akipiga gumzo tangu asubuhi,
akanyamaza.
Neno hilo siliingizi katika jedwali la mtu.

*Kuvia* ni kwa damu chini ya ukucha.
*Kuganda*, mafuta ya jana sufuriani: yanangoja moto tu.
*Kudorora* kunajigamba kwamba zamani kulichangamka.
Basi *kukwama*! Kukwama nani asiyekujua?
Lakini lori likikwama topeni
watu huvua viatu, wakakunja suruali,
wakalisukuma huku wakilitukana.
Hapa ripoti haimtaji hata mmoja
aliyevua kiatu.

Saa saba. Shilingi tatu sijazipata bado.

Dirishani kwangu, hapa Ngara, ng'ambo ya barabara,
lipo jengo la ghorofa saba lililofika ya nne.
Vyuma vyake vimechomoza juu, vimekula kutu,
mvua ikinyesha vinalia machozi ya hudhurungi ukutani.
Nilipoingia ofisi hii nilikuwa na mimba ya Kyalo.
Kyalo sasa ananyoa ndevu.

Nikashuka kwa ngazi (lifti, tusiiongelee)
nikamkuta Wafubwa, bawabu wa jengo lisilo na mlango,
anapalilia sukuma wiki pale palipokusudiwa benki.
Nikamwuliza, wewe hali hii unaiitaje?
Akacheka. Akajifuta udongo kwenye paja,
akanifungulia daftari la matukio.

*Saa kumi na mbili asubuhi. Hali ni vilevile.*
*Saa kumi na mbili jioni. Hali ni vilevile.*
Kisha, kuanzia mwezi wa tatu wa mwaka sijui gani,
hakuandika tena. Aliweka vistari viwili vidogo
vya kusema: kama hapo juu.
Vistari viwili, vistari viwili, vistari viwili,
ukurasa baada ya ukurasa,
manyunyu yasiyolowesha kitu.

"Na mwenye kampuni huyasoma haya?"
"Hupiga mhuri," akasema, akarudi kwenye mboga zake.

Nikapanda nikihesabu vidato. Mia moja na nne,
kama jana.
Nikafungua droo kutafuta kalamu
nikaikuta ankara yangu ya kwanza kabisa, karatasi imegeuka manjano:
shilingi tatu kwa neno.
Nikaiweka kando ya ile ya leo.
Ningeweza kuchora vistari viwili.

Ndipo nilipolielewa, si kwa kamusi.
Nililielewa kwa magoti.

Nikalifuta lile la mgeni, nikaandika:
*hali ni vilevile*.
Chepesi. Wananchi wataelewa.
Maneno matatu, nikajiambia, shilingi tisa,
nikatabasamu peke yangu kama mwizi,
mpaka nilipokumbuka
kwamba mteja huhesabu yale ya Kiingereza.