Nyuzi Mbili za Mteremko

Marinha Grande, Februari, mvua ikipiga kwa ubavu.
Nilimtandazia Deolinda mchoro juu ya meza ya chuma:
chombo cha kuvutia dawa, cha watoto wenye pumu,
vipande kumi na kimoja, skrubu sita,
na fahari yangu, ambayo haikuwa na vipimo.

Hakusema kizuri. Hakusema kibaya.
Alichomoa penseli nyuma ya sikio.
"Hizi skrubu, nani atazikaza?"
Mashine, nikasema.
"Mashine hiyo inaitwa Graciete. Inakaa pale dirishani,
na ikifika saa tisa viganja vyake vinakufa ganzi."

Akafuta nne. Mbili zikabaki kidogo,
kama wageni walioonyeshwa mlango wakaomba maji.
Mahali pake akachora ulimi wa plastiki,
unaobonyea, unaoingia, unaosema *tak*.

Akazigeukia kuta zangu, wima kama gwaride.
"Chuma kikikumbatia hakiachii. Nipe nyuzi mbili tu,
mteremko ambao jicho halitauona,
kitu kitoke chenyewe, kama keki kwenye bati lenye siagi."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo isemwavyo.
Kwake yeye ukuta wenyewe ndio ufa:
ukiujaza unene unapoa vibaya,
unadidimia katikati, shavu la mgonjwa.

Nikajitetea: lakini hapa ni karibu sawa.

Kwa kalibu hakuna karibu.
Kalibu ni euro elfu thelathini za chuma kigumu,
na kosa ukilichonga humo
litajirudia mara laki mbili bila kuona haya.
"Samaki wako mkunje sasa," alisema, "angali penseli."

Taa zilipowashwa tulikuwa na vipande vinne.
Euro tisa zilikuwa tatu kasoro senti.
Nami, mwongofu mpya, nikatafuta cha kuchinja zaidi,
nikaweka kidole pale midomo ya mtoto itakapogusa,
ule mviringo laini unaodai chuma cha pekee,
kinachoteleza kwa pembeni, ghali kuliko vyote.
Na huu tuunyooshe?

Deolinda alichukua mfano wa mbao,
akaufuta kwa aproni, akautia kinywani,
akafumba macho, akavuta pumzi
polepole, kama anayepanda ngazi na mzigo.

"Hapa," alisema, "lipa."