Kiambishi

Bwana Kiwelu amekwenda Rombo mazikoni
na nywila ya mzizi ameondoka nayo,
kama mtu aliyefunga stoo, akatia ufunguo mfukoni,
akasahau kwamba ndani mna watu.

Saa tatu usiku, maabara ya chuo, Moshi.
Feni inakata hewa ileile.
Programu ninayoitaka, ya kusoma picha
za majani ya kahawa yenye kutu,
nimeisimika mara mbili, na mara mbili nimejibiwa:
ruhusa imekataliwa.
/usr/local si pako.

Si mara ya kwanza kuambiwa hivyo.
Kihamba cha baba kule Kibosho
alikishika Elirehema, kitindamimba, ndivyo mila;
mimi nikapewa mkungu wa ndizi, blanketi,
na maneno mazuri sana.
Nilihesabu masale ya mpakani siku ile,
kumi na saba,
nikashuka na gari la maziwa.

Lakini Bi. Kandida, darasa la sita,
alitusimamisha mmoja mmoja:
sema kwangu. Sema pangu. Sema mwangu.
Herufi moja mbili mbele, na nyumbani kulekule
kunakuwa upande wa kuelekea,
panakuwa doa chini ya unyayo,
mnakuwa ndani.
Kiambishi, alisema, ndicho kinachoamua.
Chaki ilimvunjikia mkononi, akaendelea na kipande.

Basi nafuta. Naandika upya, polepole,
kiambishi: /home/ndeshi/kihamba
Nabonyeza.
Mistari inashuka kama maji ya mfongo
zamu yangu ilipofika.
Folda zinajijenga: bin ya vyombo vya kazi,
lib ya akiba,
man, kwa wenye subira ya kusoma.
Hakuna aliyeombwa. Hakuna aliyeibiwa.

Naiita programu kwa jina.
Amri haikupatikana.
Nacheka peke yangu. Kweli, nyumba isiyo na njia
hata mgeni wa heri haifikii.
Naongeza mstari mmoja: njia ipite kwangu kwanza,
ndipo iende kwa wakubwa.

Naita tena.
Inaitika.
Jani la kwanza linafunguka kiooni,
madoa ya rangi ya chungwa, mia mbili na manne,
nayo inayahesabu bila kuniuliza mimi ni wa nani.

Bwana Kiwelu akirudi, akataka kujua
nani kapanda nini kwenye mashine yake,
nitamwonyesha. Sale halikusogezwa.

Nafasi niliyogawiwa imebaki megabaiti arobaini.
Majani yamebaki elfu moja na mia tatu.
Nitapunguza picha.