Mizani ya Mahurunga

Barua ya mkoa ilikuja na neno moja lililopigiwa mstari:
kagua.
Mimi ni karani, si askari wala mtume.
Nikakagua.

Malori matatu ya shirika yamelala siku mbili
mbele ya ghala la ushirika, matairi yamezama mchangani.
Bibi Ingeborg, msimamizi wao, ana kibali cha Dodoma,
kibali cha Maputo, barua yenye nembo ya njiwa;
amekosa sahihi moja, ya mtu aliye likizo Masasi.
"Ng'ambo ya Ruvuma wanakufa," alisema,
kwa Kiswahili fasaha kuliko changu.
Najua. Usiku, upepo ukigeuka, tunasikia milio.

Lakini nalijua pia bomba la kitongoji cha chini,
lenye kibao cha shaba kinachomshukuru mfadhili
na koo kavu tangu siku lilipopigwa picha.
Kwa hiyo usiniambie nifumbe macho
kwa kuwa mgeni kaja amebeba huruma.
Huruma nayo ina stakabadhi.

Tukashusha gunia la unga. Limeandikwa hamsini.
Mizani ikasema arobaini na tatu.

Kimya. Dereva akatazama ndala zake.
Bibi Ingeborg akaandika, akafuta, akaandika.
Nami nikatanua kifua, serikali nzima ndani ya shati langu,
mpaka Dadi Namkuva, kuli wa ghala, akaangua kicheko:
"Karani, si ndiyo ile ya korosho?"

Ndiyo ile.
Ile iliyomlia Somoe Litunu kilo tisini msimu uliopita,
tukamwambia korosho zake zilikuwa na unyevu.
Aliyeandika "unyevu" ni mimi.

Basi nani kala kilo saba:
bandari, dereva, chuma, au kalamu?
Hakuna aliyetumwa kunikagua mimi.

Uani wameketi waliovuka juzi kwa mtumbwi,
wakingoja tumalize kutoaminiana.
Mmoja wao, Atija, akanyanyuka bila kuitwa,
akamweka mwanawe juu ya sahani,
palepale penye vumbi la unga.
Miaka minne, alisema.
Mtoto akalamba kidole.
Mshale ukatikisika, ukatulia kwenye tisa.

Nikaitazama mizani yetu, ileile ya uongo,
nikaiomba kwa moyo wangu wote
iwe imeiba.